Kitanda cha Kamba

Mwanangu Namsifu,

Barua hii naianza wewe ukiwa bado hapa hapa kijijini. Umeshuka kwa shangazi yako kumuaga, na shangazi yako namjua, hawezi kukuachia kabla hajakulisha mara mbili na kukueleza maumivu ya magoti yake yote mawili, moja baada ya jingine. Kwa hiyo alasiri nzima ni yangu. Nimekaa kwenye kizingiti cha jikoni, daftari nimeliweka juu ya ungo, ungo uko mapajani, na yule kuku mweusi ananitazama kama mkaguzi wa shule.

Mambo ya sabuni, mswaki na sweta ya asubuhi sitayaandika. Sanduku lako nimelifungua mara tatu tangu jana, na kila mara nimekuta limepangwa vizuri kuliko ambavyo ningelipanga mimi. Hata ile sabuni ya mche niliyoipangia foleni kwenye duka la kijiji umeikata vipande ukavianika ili visiyeyuke upesi. Nani alikufundisha hivyo? Ni mimi. Kesho utaondoka na basi, na kuanzia kesho sitakuwa na mtu wa kujisifu mbele yake, basi leo niache nijisifu nishibe.

Maana nimejisifu sana mwezi huu, mwenyewe umesikia. Tangu ile bahasha ya serikali ifike, hakuna mtu aliyenipita njiani bila kuambiwa. Juzi nilikuwa kwenye mfongo nasafisha majani yaliyoziba mtaro, akaja Mama Elibariki na ndoo yake.

"Mama askari," akaniita, "sasa tukiiba zamu ya maji utatupeleka wapi?"

"Wewe anza kwa kunyoosha mgongo ukinisalimia," nikamwambia. "Hayo mengine binti yangu atakueleza akirudi na kofia."

"Na akikukamata wewe kwanza?"

Wenzake wakacheka, nami nikacheka kuwazidi. Lakini nilirudi nyumbani na ndoo nusu. Maji mengine sijui niliyamwaga wapi.

Nilimwambia pia yule mama wa Msangeni anayeuza ndizi sokoni, ambaye kila Jumapili hunipigia kelele kuhusu mwanawe mwalimu. Nikamwambia walimu wako wengi, hata mimi nimefundisha kisomo na darasa langu la nne, nikawafundisha wazee wenye mvi kuandika majina yao. Lakini msichana wa polisi katika upande wetu huu wa milima, nionyeshe mwingine. Akanipunguzia bei. Ndivyo nilivyo, na sitabadilika kwa sababu tu unaondoka.

Ila kuna jambo limenishika tangu wiki iliyopita, na ndilo linanifanya niandike.

Pamoja na ile barua ya kukuita chuoni walikutumia kijitabu, kile cha jalada la kijani chenye orodha ya masomo na maelezo mafupi ya kila somo. Wewe ulikisoma mara moja, ukaniambia yamo kwata, sheria, shabaha, huduma ya kwanza, ukakiweka chini ya nguo. Mimi nimekisoma chote. Nilikuwa napiga pasi shati lako jeupe, nikakifungua kwa kupitisha muda wakati mkaa unashika moto, nikafika mahali pa upekuzi wa nyumba. Pana mistari michache tu. Wanasema askari anayepekua awe na shahidi wa mahali pale, kama vile balozi wa nyumba kumi, na huyo shahidi aone kwa macho yake kila kitu kinachopatikana na mahali kinapopatikana. Wanasema akishaona, ndipo yaandikwe, asomewe yaliyoandikwa, naye atie sahihi mwishoni.

Pasi nikaisahau. Ile alama ya kahawia kwenye mkia wa shati lako, uliyodhani ni kutu ya waya wa kuanikia, ilitokea siku hiyo. Ukichomekea haitaonekana.

Namsifu, uliporudi kutoka kwenye usaili uliniambia waliokusaili walikuuliza kwa nini unataka kuwa askari, na wewe ukawaeleza habari ya mama yako. Ukawaambia mama yako alikuwa balozi wa nyumba kumi, mwanamke wa kwanza kijijini kutia sahihi yake kwenye karatasi ya polisi, na kwa sahihi hiyo mwizi alifungwa, na hakimu akamsifu mbele ya watu. Ulinieleza huku ukila muwa, umefurahi, unatema makapi kila mahali. Ukasema mmoja wao alitikisa kichwa akasema, huyu damu yake ni ya kazi hii.

Mimi nilisema nini? Nilisema, "Uliwaambia kwamba ni mwandiko wa kulala kidogo upande wa kulia?" Hayo tu ndiyo niliyosema.

Sasa nisikilize. Hadithi ile umeisikia kwangu tangu una miaka saba, na nimeisimulia vizuri kila mara. Haikuwa hivyo.

Wewe unachokumbuka ni kofia. Konstebo alipanda kutoka bondeni kwa miguu, akafika hapa Ijumaa asubuhi amechoka, soksi zimeshikana na malengelenge. Alikuwa kijana, pengine miaka mitatu tu kukuzidi ulivyo sasa. Nikampa chai na kiazi, akavua kofia akaiweka juu ya kinu, wewe ukaichukua ukaivaa ikakufunika mpaka puani. Ukatembea uwanja mzima unapiga miguu chini. Yeye akakupigia saluti. Nadhani ndipo ulipoamua, hata kama mwenyewe hujui.

Alikuja kwa sababu ya cherehani. Ule ulikuwa mwaka kijiji chetu kilipoandikishwa kuwa cha ujamaa, tukapewa cherehani moja ya akina mama. Tuliipokea kwa nyimbo, mimi ndiye niliyeanzisha wimbo. Haikumaliza miezi miwili, mlango wa ofisi ukavunjwa, kichwa cha cherehani kikaondoka, ikabaki meza na pedali. Konstebo akaniuliza usiku ule nilisikia nini, kisha huku anakunywa chai akaniuliza, "Mama balozi, katika nyumba zako kumi unamshuku nani?"

Nikafikiri. Nyumba tisa zilikuwa za ndugu, mashemeji na watu tuliobatizwa nao. Ya kumi ilikuwa ya Gwasa.

Gwasa unaweza kuwa umemsahau. Alikuwa mtu wa Kigoma, aliletwa na kazi ya mkonge kule bondeni, akachoka na mkonge, na kijiji kilipokuwa kinapokea watu wapya akaomba kiwanja, akapewa pale chini kwenye mawe ambapo hakuna mwenyeji aliyepataka. Alikuwa na mke na watoto wawili wadogo. Mtu wa maneno machache, na Kichasu, lugha yetu, alikuwa hakijui, kwa hiyo tukiwa kwenye kazi ya pamoja sisi tunacheka, yeye analima. Hakuna baya lolote nililowahi kumwona nalo.

Nikamwambia konstebo, "Hapa sote ni ndugu, afande. Labda yule wa kuja."

Hilo ni la kwanza. La pili ni maji.

Wewe umekulia hapa, unajua zamu ilivyo. Lakini huko unakokwenda huenda ukamsomea barua hii msichana wa Mtwara au wa Bukoba, basi naandika na kwa ajili yake. Kwetu kuna ndiva, yaani bwawa la udongo juu ya mashamba. Usiku linakinga maji ya kijito, asubuhi linafunguliwa, na kila mwenye shamba ana zamu yake. Zamu ikikupita, maji yanakwenda kwa mwenzako, na huna wa kumlaumu. Mimi zamu yangu ilikuwa Ijumaa, nilikuwa wa mwisho. Kesho yake ni Sabato, hakuna anayefungua ndiva wala kushika jembe, kwa hiyo anayekosa maji ya Ijumaa atangoja mpaka zamu zizunguke upya. Maharage yangu yalikuwa yanatoa maua. Baba yako alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na maharage yale ndiyo yalikuwa nguo yako ya shule.

Tukatoka na konstebo kuelekea kwa Gwasa. Tumefika kwenye njia panda, nikasikia sauti kutoka juu, "Mama Namsifu, tunafungua!" Nikasimama. Upande huu nyumba ya Gwasa, hatua kama mia mbili. Upande ule shamba langu.

Nikamwambia, "Afande, leta hiyo karatasi niitie sahihi kabisa. Maji yangu yanakuja."

Yeye akasita. Nataka ujue kwamba alisita. Akasema, "Mama balozi, bado sijaandika kitu."

"Utaandika," nikasema. "Kwani wewe hujui kuandika? Mimi ninajua, na sahihi ninayo. Balozi aliyenitangulia alikuwa anapaka dole gumba, anakuchafulia karatasi yote. Mimi nitakupa jina kamili."

Akaangalia miguu yake, akaangalia jua. Alikuwa bado na mwendo wa kushuka mpaka bondeni. Akanigeuzia mgongo ili niandikie juu ya mgongo wake, nikaandika jina langu chini ya karatasi tupu. Nililiandika polepole kwa fahari yangu yote, herufi ya kwanza nikaipigia mkia. Kisha nikakunja kanga nikakimbilia maji.

Niliyapata. Nilimwagilia mpaka mtaro wa mwisho. Mchana nikiwa bado na tope miguuni niliwaona wakipita njia ya chini. Konstebo mbele, Gwasa nyuma, amefungwa pingu mikono kwa mbele, na kichwa cha cherehani amebebeshwa yeye mwenyewe, anakishikilia kichwani kwa ile mikono iliyofungwa. Nyuma yao mbali kidogo mkewe, na mtoto mgongoni.

Nikapaza sauti, "Afande, kilikuwa wapi?"

"Pale pale, mama balozi," akanijibu.

Nikafurahi. Nakwambia ukweli, nilifurahi. Jioni ile kabla jua halijazama, kabla Sabato haijaingia, nilikuwa nimeshazunguka nyumba nane nikieleza tulivyompata. Tulivyompata, nilisema hivyo.

Kesi iliposikilizwa nikaitwa mahakamani. Nilivaa gauni la harusi ya mjomba wako. Nikashika Biblia, nikaapa. Karani akanionyesha ile karatasi, na sasa ilikuwa imejaa maandishi ya konstebo juu, jina langu liko chini. Ilisema kichwa cha cherehani kilipatikana ndani ya nyumba ya mshtakiwa, chini ya kitanda, mbele ya balozi.

"Hii ni sahihi yako?"

"Ni yangu, mheshimiwa."

Hakimu akaivuta karibu, akasema, "Mama anaandika vizuri kuliko makarani wangu." Watu wakacheka kidogo. Namsifu, nikikwambia kwamba nilikuwa sijawahi kusikia neno tamu kama hilo tangu baba yako afariki, utanielewa? Kama mtu angeniuliza jina langu wakati ule ningelisahau.

"Ulikuwapo kilipopatikana?"

Ningeweza kusema pale. Palikuwa na nafasi ya kutosha, hakuna aliyeniharakisha. Nikasema, "Nilikuwapo."

Hakimu akamwuliza Gwasa kama ana swali kwa shahidi. Gwasa akasimama. Alikuwa amekonda. Akanitazama, si kwa hasira, kama mtu anayemtazama fundi anapima mlango.

"Mama balozi," akasema, "kitanda changu ni cha kamba au cha mbao?"

Mimi nikawaza upesi. Mtu maskini, mtu wa mkonge, lazima atakuwa amesokota kamba mwenyewe.

"Cha kamba," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu, akasema hana swali jingine, akakaa. Mimi nikadhani nimemshinda. Ilipofika zamu yake ya kujitetea alisema hana kitanda. Alisema kile kichwa kilikuwa kwenye mahindi nyuma ya nyumba, kando ya njia ambayo kila mtu anapita. Lakini Kiswahili chake kilikuwa kimelala upande wa kwao, na alikuwa peke yake, na upande wa pili palikuwa na konstebo, na karatasi, na mwanamke wa gauni zuri aliyeshika Biblia. Akapewa miaka miwili.

Siku ya tatu mkewe alikuja hapa. Wewe ulikuwa shuleni. Nilijiandaa kwa matusi, nilikuwa nimeshapanga na majibu. Hakutukana. Alisimama hapa hapa kwenye kizingiti ninapoandikia, akasema, "Mama balozi, njoo uone."

"Nione nini?"

"Njoo tu."

Sijui kwa nini nilimfuata. Akafungua mlango, ukaingia mwanga. Chumba kilikuwa kimoja. Mafiga matatu, chungu, debe, jembe limesimama ukutani, na mikeka miwili imekunjwa kwenye kona. Ardhi ilikuwa imefagiliwa. Hapakuwa na kitanda cha kamba wala cha mbao, wala alama ya miguu minne kwenye udongo kwamba kiliwahi kuwapo.

Alishika tu mlango wazi mpaka nilipomaliza kutazama. Kisha akaufunga, na wiki ile ile akaondoka na watoto, akashuka kwenda kutafuta reli ya kumrudisha kwao.

Sasa unajua. Kama Gwasa aliiba cherehani, mimi sijui. Huenda aliiba. Huenda mmoja wa ndugu zangu wa zile nyumba tisa aliiba, akatupa kwenye mahindi alipoona afande anapanda mlima. Mpaka leo nikiwa kanisani hutazama viti nikijiuliza. Nilichoapa ni kwamba ninajua, na nilikuwa kwenye mtaro wa maharage.

Utaniuliza kwa nini sikusema baada ya kuona chumba kile. Nimejiuliza zaidi yako. Kwanza niliogopa kufungwa, wewe ulikuwa na miaka saba na huna baba. Hiyo ni sababu nzuri, nimeitumia sana. Lakini ipo nyingine ambayo si nzuri. Niliogopa watu waseme yule mwanamke tuliyemfanya balozi kwa sababu anajua kuandika, kumbe kuandika ndiko kulikomponza. Nilikuwa nimejisifu kote. Kujisifu kule kulikuwa kama nyumba niliyoijenga, na kuibomoa kungeniacha nje.

Balozi niliacha mwaka uliofuata. Nikasema macho yamechoka. Wewe uliniamini, ukawa unanisomea Zaburi jioni, na mimi nakaa nasikiliza maneno ambayo ningeweza kuyasoma hata kwa mwanga wa makaa. Nilipenda ulivyonisomea, sitasema uongo. Lakini macho yangu ni mazima, mwanangu.

Na alirudi. Hujui tu kwamba ulikuwapo. Ulikuwa na miaka tisa au kumi. Alipomaliza kifungo alipanda hapa kuchukua jembe lake na mikeka, kama vilikuwa bado vipo. Nilimwona anakuja kutoka chini, nikamjua kwa mwendo, nikaingia jikoni nikaegemea ukuta. Akabisha hodi. Nikakutuma wewe.

Nilikusikia unasema, "Shikamoo." Akaitika, "Marahaba, mtoto." Akaomba maji. Ukaja jikoni kuchukua kata, ukaniona nimesimama gizani, ukasema, "Mama, kuna mgeni," nami nikakuwekea kidole mdomoni. Ukampelekea. Alikunywa yote, nilisikia anavyomeza. Kisha akauliza, "Mama yuko?" Na wewe, mtoto niliyekufundisha kusema kweli, ukanigeukia kidogo, ukasema, "Hayupo."

Uliporudi na kata tupu uliniambia, "Amesema nikusalimie."

Hilo ndilo ninaloliona nikilala. Kesi na hakimu vinanijia kwa nadra. Wewe na kata, na jinsi ulivyoniangalia kuona kama umesema vizuri.

Tangu wakati huo nimekaa na jambo hili peke yangu. Watu wanadhani mwanamke anakuwa mpweke mumewe akifa. Nilikuwa mpweke, ndiyo, lakini upweke wa kufiwa watu wanakuletea chakula. Huu mwingine unakaa katikati ya watu, unacheka nao kwenye mfongo, unaimba nao kwaya, na hakuna anayejua kuna nini. Hata wewe. Tumekula sahani moja miaka yote hii na kuna mlango sijakufungulia. Sasa unaondoka, na leo asubuhi nimeloweka mahindi ya makande kwenye sufuria kubwa kama kawaida, nikakaa nikayatazama. Yatalika siku ngapi, na mtu mmoja?

Mwaka juzi nilikwenda. Ulikuwa shuleni, kidato cha tatu. Nilishuka mpaka kituoni, sitasema kipi, nikamwambia askari wa mezani nataka kubadilisha maelezo yangu ya zamani. Akaniuliza kesi gani, ya lini. Nikamweleza. Akacheka, lakini kwa upole.

"Mama, mtu alishafungwa, akatoka, akaenda zake. Wewe umekuja kujishtaki?"

"Nimekuja kusema."

"Faili limefungwa. Rudi nyumbani, jua lisikukute njiani."

Na unajua nilifanya nini? Nilishukuru. Nikanunua maandazi mawili pale stendi, nikayala yote, nikarudi nimeshiba. Nilipofika huku juu ndipo nilipoona aibu. Nilikuwa nimekwenda ili nikataliwe.

Sikuandikii ili uchukie kazi yako. Yule konstebo hakuwa mtu mbaya. Alikupigia saluti mtoto mdogo huku miguu yake inatoka maji. Nina hakika hata yeye alifundishwa ile mistari ya kijitabu cha kijani, akaijibu kwenye mtihani akapata alama. Kisha siku moja akakutana na mwanamke mwenye haraka na maneno mengi, na mlima, na jua, na akaona rahisi kuandika chini ya kitanda, kwa sababu labda vitu vya wizi vyote alivyowahi kuandika vilikuwa chini ya kitanda. Watakufundisha kumtambua mwongo. Sijui kama watakufundisha kumtambua mtu kama mimi, anayetaka kukusaidia, anayekupa chai, anayejua kuandika. Ukikutana naye, mama yangu, mkalishe chini. Maji yake yaende. Alaani, aseme wewe ni mtoto mdogo huna adabu. Mwingize ndani ya nyumba kwanza.

Na mtu wa kuja, ambaye hana shemeji kwenye zile nyumba kumi, akikuuliza swali ambalo unaona halina maana, kama la kitanda, usiandike haraka.

Hayo nimeyasema, na sitayarudia. Ninalotaka kukuomba ni hili.

Huko chuoni watakufundisha kuchukua maelezo ya mtu. Jifunze hilo kuliko kwata. Kisha utakapopata ruhusa ya kwanza ya kuja nyumbani, njoo na karatasi. Utakaa kwenye kigoda, mimi nitakaa kwenye kizingiti, utaniuliza kama usiyenijua. Niite shahidi, usiniite mama. Nitasema yote niliyoyaandika hapa, pamoja na maharage, pamoja na maandazi. Utaandika kwa mkono wako, utanisomea neno kwa neno, na nikijaribu kujipamba utanisimamisha, maana unanijua. Nikimaliza nitatia sahihi, na wewe utaipeleka kwa wakubwa wako panapostahili. Askari wa mezani alimrudisha mwanamke wa mlimani na maandazi yake. Hataweza kuirudisha karatasi iliyoandikwa sawasawa. Kama watataka kunifunga, wanifunge, wewe sasa una kazi na una nguo, ile sababu yangu nzuri imekwisha. Kama Gwasa yuko hai mahali fulani kule Kigoma, basi jina lake litasafishwa doa nililolitia.

Najua ninachokuomba. Waliokusaili walikuchukua pamoja na hadithi ya mama yako. Huenda ukaona aibu kuivunja mbele yao. Huenda, ukishasoma hapa, usitake kukaa nami kwenye kizingiti hata jioni hii moja iliyobaki. Ndilo linaloniogopesha, tazama mwandiko ulivyokuwa mbaya kuanzia ukurasa wa tatu. Mwandiko wangu.

Nilitaka kuificha barua hii kwenye sanduku, chini ya shati, uikute ukiwa mbali na mimi nisione uso wako. Nimeikunja kabisa nikaitia pale. Kisha nikaitoa, nikaja kuongeza haya.

Nasikia sauti yako kwenye mfongo, unamwitikia Mama Elibariki, naye anakutania kitu kuhusu kofia, na unacheka. Makande yameiva. Nitakupakulia kwanza, ule, kisha nitakupa hii uisome hapa mbele yangu, kwa sauti, kama ulivyokuwa unanisomea Zaburi. Ukitaka kuuliza, uliza. Ukitaka kunyamaza, nitangoja.

Sijaweka jina langu. Nimeacha nafasi hapa chini, na kalamu iko juu ya kinu. Soma kwanza.